Wawili Katika Picha ya Mombasa

Babu yangu mzaa baba alirejea Pemba mwaka 1946 akiwa na koti la jeshi, medali tatu na picha mbili, na kwa muda wote aliobakia hai hakupenda kuulizwa habari zake. Alipofariki, vitu hivyo vilihifadhiwa na Ami, mdogo wake baba yangu, ndani ya kasha lililokaa chini ya kitanda chake huko Wete. Ami alipoona kuwa macho yake yameanza kudhoofika aliniita mimi, niliyekuwa nikisomesha skuli mjini Unguja, akanikabidhi vyote pamoja na kitambaa vilichofungiwa. Aliniambia, "Wewe ndiye unayesoma. Mtafute baba yangu humu."

Nilianza na medali, kwa kuwa niliona chuma kitasema zaidi kuliko karatasi. Mbili kati yake ni nyota za pembe sita, na katikati ya kila moja pana herufi za Mfalme George wa Sita zilizovishwa taji na kuzungukwa na maandishi. Moja inataja miaka 1939 hadi 1945, na nyingine inataja Burma, nchi ambayo leo inaitwa Myanmar. Ya tatu ni ya mviringo, na upande mmoja ina simba aliyesimama juu ya joka lenye vichwa viwili. Nilizigeuza zote, nikatazama migongo na kingo zake, nisilione jina la babu popote. Baadaye nilisoma kwamba India, Afrika Kusini na Australia ziliwachongea askari wao majina kwenye medali za vita vile, lakini Uingereza ilizitoa zake bila ya majina, na askari wa Afrika Mashariki wakapewa hizo hizo. Jambo hilo liliniuma na linaniuma hadi leo, kwamba mtu avushwe bahari akabebe majeruhi katika nchi asiyoijua, kisha apewe kipande cha chuma ambacho kingeweza kuwa cha mtu yeyote.

Hata hivyo medali hizo hazikuwa bubu. Nyumbani kwetu tulikuwa tukisimuliwa kwamba babu alipigana Uhabeshi, katika vita vya kuwaondoa Wataliani. Askari waliopigana huko mwaka 1940 na 1941 walistahiki Nyota ya Afrika, nayo haimo katika kasha. Iliyomo ni Nyota ya Burma, ambayo askari wa nchi kavu aliyebakia Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, hakupewa; ilimpasa aingie Burma yenyewe, au majimbo ya India yaliyopakana na mapigano, yaani Bengal na Assam. Picha ya kwanza iliyathibitisha hayo, kwani babu amesimama peke yake, amevaa kofia pana iliyokunjwa ukingo wa upande mmoja, na begani pana alama ya kichwa cha kifaru. Hiyo ndiyo alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1943, ikapelekwa Ceylon kwa mazoezi, na mwaka 1944 ikaingizwa Burma.

Nilisoma kila nilichokipata juu ya divisheni hiyo. Ilitumwa kuwafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw wakati wa masika ya kule, mvua ikinyesha bila ya kupumzika na njia zote zikiwa zimegeuka matope, katika bonde lililosifika kwa malaria na kwa homa inayoletwa na utitiri. Mwezi wa Desemba 1944 waliufikia mji wa Kalewa, ukingoni mwa mto Chindwin, na hapo wahandisi wa jeshi wakajenga daraja la chuma lenye urefu wa zaidi ya mita 350 ili majeshi yavuke. Ami anakumbuka kwamba babu alikuwa mbeba machela. Kwa hiyo ninaposoma kwamba magari yalikwama katika bonde lile, najua kuwa majeruhi walitolewa mabegani mwa watu, na bega moja la babu, ambalo alishindwa kulinyanyua sawasawa hadi anakufa, ninalielewa sasa.

Katika kutafuta huko nilikwenda pia kwenye Nyaraka za Taifa, Kilimani, nikasoma habari za mgao wa chakula wa wakati wa vita. Unguja na Pemba zilikuwa zikila mchele ulioletwa kwa meli, na sehemu kubwa ya mchele huo ilitoka Burma. Wajapani walipoiteka Burma mwaka 1942 mchele ulikatika, na watu wakarudi kwenye mihogo. Bibi yangu hakuwa na elimu ya ramani, lakini alikuwa akituambia kwamba mchele ulizoea kuja wenyewe, kisha vita vikaja vikamchukua mumewe kwenda kuufuata. Tulipokuwa watoto tuliyachukulia maneno hayo kuwa ni hadithi ya jikoni, na kumbe yalikuwa sahihi kwa namna ambayo hata waandishi wa historia hawakuieleza vizuri zaidi.

Picha ya pili ndiyo iliyotutoa Wete. Imepigwa ndani ya studio, na ndani yake wamo vijana wawili waliovaa sare. Mmoja ameketi na mwengine amesimama nyuma yake, mkono juu ya kiti. Aliyesimama ni babu. Aliyeketi hakuna aliyemjua kwetu, na kwa miaka mingi alikuwa akiitwa tu "yule mwenziwe". Nyuma ya picha pana maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyofundishwa chuoni vijana wa enzi ile, na wino umefifia kiasi kwamba tulilazimika kuisogeza karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Mimi nilisoma kwa shida, lakini Ami, aliyekuwa haoni tena vizuri, aliyajua maneno kwa kuwa babu alipata kumsomea alipokuwa mtoto, na akawa ananikamilishia pale ninapokwama: "Mimi na ndugu yangu wa Kojani, yeye wa mizinga. Mombasa. Mungu atukutanishe." Katikati ya maneno hayo pana jina kamili la yule kijana pamoja na la baba yake. Sitaliandika hapa, kwa sababu ni mali ya watu wake.

Jina hilo nililipeleka kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo mtu anaweza kuisoma kwa njia ya intaneti. Nililikuta miongoni mwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki walioandikwa kwenye Ukumbusho wa Afrika Mashariki, ulioko katika makaburi ya vita Nairobi, na tarehe ya kufa kwake ni 12 Februari 1944. Tarehe hiyo peke yake ilitosha. Mwanzoni mwa mwezi ule meli ya Khedive Ismail ilikuwa imetoka Mombasa kwenda Colombo, imepakia zaidi ya watu 1,500, na karibu 1,000 kati yao walikuwa wa kikosi kimoja cha mizinga cha Afrika Mashariki. Jumamosi ya tarehe 12, baada ya saa nane mchana, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga kwa topido mbili, na meli ikazama katika muda wa dakika mbili hivi. Waliosalimika ni wanaume 208 na wanawake 6.

Lipo jambo jengine nililolisoma, na ndilo lililonifanya nisite kabla ya kumwambia Ami kwamba twende Kojani. Nyambizi ile ilizama ikajificha chini ya mahali walipokuwa wakielea waliosalimika. Manowari mbili za Uingereza, Paladin na Petard, zilizokuwa zikiulinda msafara ambao meli ile ilikuwamo, zilikuwa bado na meli nyingine za kuzilinda, na zikaamua kutupa mabomu ya kina, yanayoripuka chini ya maji, pale pale, huku watu wakiwa bado majini. Nyambizi iliangamizwa siku hiyo hiyo. Ni watu wangapi waliokufa kwa mabomu ya wenzao ni suala ambalo kila ninapolifikiria nafsi yangu huwa nzito.

Tulikwenda Kojani mwezi wa Desemba mwaka 2009, kaskazi ikiwa imeanza kuvuma. Ni kisiwa kidogo kilichosongamana nyumba, kando ya pwani ya mashariki ya Pemba, na watu wake ni wavuvi wanaojulikana mwambao mzima kwa kwenda dago, yaani kupiga kambi za uvuvi, katika nchi za mbali. Tulipoteremka kwenye mashua tulitaja jina lile kwa wazee waliokuwa wakishona nyavu, na hawakuchukua muda kutuonyesha nyumba. Aliyebakia ni dada yake, bibi aliyekuwa na miaka kumi na kitu pale kaka yake alipochukuliwa jeshini. Alikuwa ameketi ukumbini juu ya mkeka, na mjukuu wake akatutandikia mwengine.

Baada ya salamu, Ami ndiye aliyeanza, kwa kuwa ndiye mkubwa. Alijitaja yeye ni mtoto wa nani, na yule bibi akanyanyua uso.

"Baba yako alikuja hapa vita vilipokwisha," alisema. "Alikaa hapo ulipokaa wewe mwanangu. Mama akamuuliza, ndugu yako umemwacha wapi? Akalia mpaka chai ikapoa. Hakusema neno, akaenda zake. Hakurudi tena."

Ami hakuwa na habari ya safari hiyo. Sote hatukuwa nayo. Nilimwangalia akivua kofia yake na kuiweka gotini, na kwa muda hakuweza kuendelea, ndipo mimi nikachukua nafasi yake na kumweleza yule bibi kwamba jina la kaka yake limeandikwa Nairobi, kwamba meli yake iliitwa hivi, na kwamba ilipigwa ikiwa njiani kwenda Ceylon. Alinisikiliza akiwa ametazama chini. Walichoambiwa wao na mudiri, yaani mtawala wa sehemu ile, wa wakati ule ni kwamba kijana wao amekufa baharini, basi. Bahari gani, siku gani, kwa sababu gani, hawakuambiwa.

"Mama hakukubali," alisema. "Alisema mtoto aliyezaliwa Kojani hafi maji. Alikuwa akiogelea kabla hajajua kukimbia. Mama akawa kila mashua ikitoka dago huteremka pwani kutazama, mpaka miguu ilipomshinda."

Kisha aliniuliza swali ambalo nilikuwa nimelitarajia tangu Wete. "Mjukuu wangu, aliteseka?"

"Meli ilizama katika muda wa dakika mbili hivi, Bibi," nilimjibu. "Wengi walikuwa ndani, hawakuwahi kutoka."

Habari ya mabomu sikumwambia. Nimelifikiria mara nyingi tangu siku ile, na bado naona nilifanya linalopasa. Historia ina haki ya kuandikwa yote, na ndiyo maana nimeiandika hapa, lakini yule aliyekuwa mbele yangu alikuwa dada wa mtu, na nilichokuwa na uhakika nacho ndicho nilichompa. Alitikisa kichwa, akasema kwamba aliyekufa maji ni shahidi, na kwamba walimsomea hitima bila ya kaburi, na Mungu ni mwenye kupokea.

Nilimpa picha. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, hivyo aliipapasa kingo zake, akamwambia mjukuu wake amweleze ilivyo. Yule kijana alimtajia kiti, sare, viatu, mkono wa babu uliokuwa nyuma.

"Amecheka?" aliuliza.

"Hapana Bibi, amefumba mdomo."

"Basi ndiye. Alikuwa na pengo hapa mbele, anaona haya kulionyesha."

Hapo ndipo alipolia, na Ami naye akalia. Katika nyumba ile hapakuwa na picha nyingine ya yule kijana. Mjukuu alikuwa na umri karibu sawa na ule aliokuwa nao marehemu alipopigwa picha, na wote waliokuwa ukumbini, pamoja na majirani walioanza kuingia mmoja mmoja, walikuwa wakimtazama yeye kisha picha, kisha yeye tena.

Tuliletewa muhogo na samaki, na wakati wa kula yule bibi alitaka kujua tarehe kwa hesabu ya Kiislamu. Niliwahi kuitafuta, nikamwambia kuwa ilikuwa ni mwezi wa Safar mwaka 1363. "Mfunguo Tano," alisema, na akamwagiza mjukuu wake alete msahafu mkubwa wa nyumba, ambao kwenye kurasa zake tupu za mwanzo yameandikwa majina ya waliofariki katika ukoo wao. Jina la kaka yake lilikuwapo, limeandikwa na baba yao, na mbele yake pameachwa nafasi. Kijana aliandika mwezi na mwaka katika nafasi hiyo, nami nikamsomea yule bibi yaliyoandikwa, kwa sababu alitaka kuyasikia kwa sauti.

Aliniuliza pia kama kaka yake alipewa nyota kama za babu. Nilimwambia kwamba alistahiki. Kwao haikufika hata moja. Ami alifungua kitambaa akataka kumwachia ile inayotaja miaka ya vita, naye akaukunja mkono wake akamrejeshea, akasema kila mtu na chake, ila akiruhusiwa angeomba picha. Nilikuwa nimetengeneza nakala Unguja kwa ajili hiyo, nikaitoa mkobani, lakini Ami alinizuia. Alisema mwenye kuketi ndiye mwenye kiti, na picha ya asili akaiacha Kojani, mikononi mwa yule bibi, pamoja na maandishi ya babu yaliyo nyuma yake.

Kabla hatujaondoka walituambia kwamba mwaka ule watasoma dua katika mwezi wenyewe, mara ya kwanza tangu afe, na Ami akaomba tualikwe. Safar iliingia wiki chache baadaye. Tulivuka tena, na jina la babu lilitajwa pamoja na la ndugu yake.