Siku Mama Alipoingia Msituni Bila Ngata

Kosa lilikuwa la basi. Ukitoka Dar es Salaam kwenda Ifakara lazima ukatize Hifadhi ya Mikumi. Barabara kuu inapita humo ndani kwa kilomita 50 hivi, na mtoto aliyekaa dirishani anaona bure. Siku ile, Juni 2017, shule zimefungwa, wanangu wawili walihesabu twiga saba, pundamilia wakawashinda, kisha tembo mmoja aliyesimama hatua chache kutoka kwenye lami akijirushia vumbi, hana habari na sisi. Abiria wote walihamia upande mmoja. Mzee wa viti vya nyuma akafoka, "Kaeni, mtatuangusha!"

Tulipokata kushoto pale Mikumi mjini kuelekea Kidatu, mwanangu wa mwisho, wakati huo ana miaka tisa, akaniuliza, "Mama, na huko kwa bibi kuna tembo wangapi?"

Nikamwambia wapo wengi. Sikudanganya. Kwenye Milima ya Udzungwa tembo wapo, nyati wapo, hata chui. Nilichomficha ni kwamba nimezaliwa Mang'ula, chini kabisa ya milima hiyo, nikakulia pale mpaka nikamaliza darasa la saba, na tembo wa Udzungwa nilikuwa namjua kwa kinyesi tu.

Ukishavuka Mto Ruaha Mkuu pale Kidatu, siku hizo lami ilikuwa imekwisha. Vumbi jekundu, miwa kushoto, miwa kulia, malori ya miwa mbele yako, na juu ya miwa yote ile, mkono wa kulia, milima inasimama ghafla kama mtu aliyeitwa jina. Haianzi na vilima. Bonde la Kilombero liko chini, joto, tambarare. Unainua macho na tayari msitu umepanda hadi kwenye mawingu. Kilele cha Luhomero kina mita 2,576, lakini ukiwa Mang'ula hukioni, unaona tu kijani kinachokuzibia jua la jioni mapema. Binti yangu, mwenye miaka 12, alitazama akasema, "Sasa wanyama utawaonaje humo?" Mdogo wake hakumsikia, namshukuru Mungu.

Mpango ulikuwa niingie Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, hadi Maporomoko ya Sanje, na watoto watatu: hao wawili na mtoto wa kaka yangu, mwenyeji, ambaye alikuwa hajawahi kuingia hifadhini ingawa choo cha shule yao kinatazamana nayo. Usiku, tukiwa tunakula ugali na perege, mama akasema, "Na mimi nakwenda."

Tukanyamaza. Mama alikuwa na miaka 66 na goti lenye maneno yake.

"Maporomoko ni mbali, mama."

"Mbali wapi? Mimi nimeingia mle kabla hujazaliwa."

Hilo lilikuwa kweli. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1992. Kabla yake ulikuwa msitu wa akiba wa serikali, na kabla ya serikali ulikuwa msitu. Hata baada ya hifadhi, wanawake wa vijiji vya pembezoni waliendelea kuruhusiwa kuokota kuni zilizokauka kwa siku iliyopangwa, bila panga wala shoka. Siku ya kuni mama aliamka gizani, akakunja khanga kuukuu kuwa ngata, akaondoka na wenzake. Mzigo mmoja wa nyumbani, na mara moja moja, msimwambie mtu, mmoja wa kumuuzia mama ntilie wa karibu na stesheni ya TAZARA. Madaftari yangu mengine yalitoka hapo. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ikasitishwa. Wenyeji waliambiwa wapande miti yao, watumie majiko banifu. Tangu hapo mama hakukanyaga tena mle. Miaka sita.

Asubuhi tukaenda makao makuu ya hifadhi Mang'ula kulipa. Kiingilio cha Mtanzania hakiumizi, na cha mtoto ni kidogo zaidi. Mama alisimama dirishani na miwani yake imefungwa uzi, akasoma bango la bei taratibu, mstari kwa mstari.

"Kwa hiyo kubeba kuni kulikuwa bure," akasema, "kutazama ndiyo kunalipiwa."

Mwongoza wageni wetu, msichana wa rika la mdogo wangu, alicheka kwa kuinama, kama mtu aliyepewa shikamoo ya ghafla. Akasema, "Shikamoo mama. Leo tutakubebea hata maji." Tukapanda Noah mpaka kijiji cha Sanje, tukaanza kupanda.

Hapa niseme jambo kwa mzazi anayetaka kuwapeleka watoto Udzungwa: usiwaahidi wanyama. Hakuna gari la kuzungukia, hifadhi hii ni ya miguu. Nilikuwa nimewaahidi. Nusu saa ya kwanza hatukuona kitu chenye damu. Mwanangu alitembea amekunja uso, akipiga mawe teke. Ndipo binamu yake akapiga kelele: jongoo, mnene kama kidole gumba cha mtu mzima, anakatiza njia na ile miguu yake inayopita kama upepo kwenye mpunga. Watatu wote wakalala kifudifudi. Walihesabu miguu, wakakosea, wakaanza upya. Dakika kumi na tano nzima za jongoo! Mwongoza aliketi juu ya shina la mkangazi lililoanguka, hana haraka. Watu wazima tungeshampita.

Baada ya jongoo wakaanza kuona. Walimwona kinyonga mdogo kuliko kiberiti. Waliona mkia tu wa sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, ukitokomea kwenye majani makavu. Mwongoza akawaambia kwamba upande wa juu wa milima hiyohiyo kuna sange mwingine, mkubwa, karibu gramu 700, mwenye uso wa kijivu, ambaye wataalamu walimpata kwa kamera za kutega mwaka 2005 na kumwandika rasmi 2008. "Miaka yote alikuwepo," akasema. "Hakuwa na mtu wa kumwandika."

Tukasikia kitu kama treni ndogo inapita juu ya miti. Fuu, fuu, fuu. Watoto wakachuchumaa. Yalikuwa mabawa ya hondohondo wawili, wala si sauti yao, mabawa tu. Mama hakuinua hata kichwa. "Hao wanakwenda kwenye mkuyu," akasema. Tulipofika mbele, mkuyu ulikuwepo, na hondohondo walikuwa juu yake wakiangusha matunda. Mwongoza akamtazama mama kwa jicho jipya. Tangu hapo akawa anasimama kidogo kabla ya kueleza kitu, akimpa nafasi.

Basi ikawa safari ya walimu wawili. Mwongoza alieleza habari ya kwale wa Udzungwa: mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa kambini upande wa Ndundulu, wakapikiwa kitoweo, na chini ya sufuria wakaona miguu ya ndege wasiyemfahamu. Kuja kuchunguza, ni aina mpya kabisa, na ndugu zake wa karibu wako Asia. Watoto walicheka mpaka wakashikana. Mama, ambaye ni Mhehe wa huko juu milimani, aliisikiliza hadi mwisho.

"Marehemu baba alikuwa akitega kwale huko," akasema. "Kwa hiyo alikuwa anamla bila kumgundua?"

"Ndiyo hivyo mama."

"Haya."

Sitasahau hiyo "haya".

Karibu na kijito cha pili ndipo mwanangu alipogusa upupu. Alikuwa ameonywa. Lakini yale maganda yake ya Juni, yamefunikwa manyoya ya rangi ya dhahabu, yanang'aa juani kama mahameli. Na mtoto wa Kinondoni atajuaje? Alianza kujikuna vidole, kisha shingo, kisha akawa analia huku anaruka. Mimi nikafungua chupa ya maji. Mama akanipiga kibao cha mkono. "Ukimwagia unamtembezea mwili mzima. Acha kujikuna wewe! Simama kama mti." Majivu ndiyo dawa, lakini porini majivu yatoke wapi? Akachota tope zito la kijito, akampaka mikono na shingo, akamkalisha juani mpaka likakauka, kisha akalibandua kwa jani gumu, vipande vipande. Kilio kikapungua, kikawa kwikwi, kikawa swali: "Bibi, wewe ulijuaje?" Akamwambia, "Uliza mgongo wangu."

Wakati amekaa pale na tope lake, ametulia kwa lazima, msitu ukapiga kelele. Ilianza kama mtu anayeita kutoka mbali, uuup, moja tu. Kimya. Nikadhani imekwisha. Kisha ikafuata mikoromo ya haraka, kama bata mzinga aliyekasirishwa. Mwongoza akainua kidole.

"Ngolaga," akasema.

"Ngolaga," mama akasema naye, wakati huohuo.

Ni nyani mwembamba wa rangi ya kijivu, mwenye kishungi kichwani, anayepatikana katika milima hii tu, hana kwao pengine duniani. Mwongoza akatueleza kwamba hata yeye alijulikana kwa wataalamu mwaka 1979 kwa masikio kabla ya macho: watafiti wawili waliusikia mlio wasioujua, wakamuuliza mwenyeji aliyekuwa akiwaongoza, naye akawaambia ni ngolaga. Jina lilikuwepo. Tulisubiri. Matawi yalitikisika juu yetu, mikia ikapita, uso mmoja ukachungulia na kope nyeupe, ukaondoka. Hesabu yake yote haikuzidi nusu dakika. Mwanangu, shingo yake bado ina tope, alikuwa ameacha mdomo wazi. Tembo wa Mikumi alimwona kwa dakika mbili na hakuacha kuongea. Kwa huyu hakusema kitu mpaka juu.

Maporomoko ya Sanje yanashuka kwa ngazi tatu, jumla kama mita 170. Ukifika juu unasimama kwenye mwamba na bonde zima la Kilombero limetandikwa chini yako: miwa kama mkeka, barabara ya vumbi, mapaa ya bati, na mbali kabisa ukungu wa upande wa Selous. Treni ya TAZARA ilikuwa inapita. "Jongoo!" watoto wakasema kwa pamoja.

Mama aliketi akanyosha goti. Nikamuuliza kama aliwahi kufika hapo.

"Nije kutafuta nini? Huku juu kuni ni mbali kuzishusha." Alikaa kimya kidogo. "Tulikuwa tunayasikia tu. Tunasema, hayo maji yanaongea. Tunafunga mizigo tunakwenda."

Watoto waliingia kwenye dimbwi na nguo zao, maji baridi kama ya friji, wakatoka wanatetemeka, wakaingia tena. Mama aliwatazama. Mara moja niliona mkono wake umeshika tawi kavu lililokuwa limelala pembeni, zuri, lenye unene wa kutosha, analipima uzito kama mtu anayechagua papai sokoni. Akaligonga kwa kidole. Kisha akalirudisha palepale lilipokuwa, akalilaza vizuri. Mwongoza alikuwa ameshaliona hilo naye. Akageuka akatazama bonde. Mimi sina hakika hadi leo nisimame upande gani wa jambo hili. Msitu ule ukikatwa, mito inayolisha bonde lile itakufa, hilo nalijua. Lakini namjua pia aliyeamka gizani.

Kwenye kushuka, njiani, mtoto wa kaka yangu alisimama akaita. Kinyesi cha tembo, cha siku nyingi, kimeota uyoga mdogo mweupe. Mwanangu akakizunguka mara mbili kwa heshima.

"Mmoja," akasema.

Nguo za watoto zilikuwa zimelowa chapachapa, na begi langu lilikuwa limejaa. Mama akavua khanga ya kiunoni, ile ya juu, akaizungusha, akaikunja, akaiweka kichwani. Vidole vyake havikufikiri. Akafunga zile nguo kwenye taulo kuwa mzigo, akautwika, akatutangulia njia nzima bila kuushika, mikono inaning'inia, goti limesahaulika.

Tulipofika chini, mahali ambapo zamani askari walikuwa wakikagua mizigo ya kuni, alisimama. Akautua mzigo mbele ya mwongoza, akafungua fundo.

"Kagua, mwanangu," akasema. "Usije ukasema nimetoka na kitu."