Amekoma!

Juzi binti yangu wa mwisho aliibuka na nakala yangu ya zamani ya Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare, jalada limebanduka, akanionyesha ukurasa mmoja. "Mama, huu si mwandiko wako?" Pembeni, kwa penseli iliyokandamizwa hadi karatasi ikakaribia kutoboka, paliandikwa: Amekoma!

Ni wangu. Niliandika siku ile tuliposoma onyesho la kesi darasani kwa sauti. Mimi nilipewa Portia, anayeingia mahakamani kwa mavazi ya kiume na kujifanya mwanasheria. Shylock, mkopeshaji wa Kiyahudi anayedai ratili ya nyama ya mwili wa mfanyabiashara Antonio kwa deni lisilolipwa, alipewa mvulana wa dawati la nyuma, mpole, ambaye hatukuzoea kuisikia sauti yake. Alianza kwa kusitasita. Kadiri kesi ilivyosonga, sauti ikapanda. Pale Shylock anaponoa kisu kwenye soli ya kiatu, akainua mguu, akanoa rula. Tulicheka. Mimi nilikuwa nangoja zamu yangu tu. Nilipotamka kwamba mkataba unampa ratili ya nyama lakini haumpi hata tone la damu, darasa zima lilipiga vifijo, wengine wakigonga madawati.

Yeye alibaki amesimama. Hukumu zikamshukia moja baada ya nyingine: mali yake, kisha sharti la Antonio kwamba lazima awe Mkristo. Akasoma kwamba ameridhika. Akasoma, taratibu sana, kwamba anaomba ruhusa aondoke kwa sababu hajisikii vizuri. Akafunga kitabu na kukaa, macho yake yakiwa kwenye dawati. Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Tuendelee." Hapo ndipo nilipoandika neno langu.

Kwenye insha nilieleza kwamba Shylock ni kielelezo cha uroho na kisasi, nikapata alama nzuri, nikaamini nimemaliza.

Nilikirudia kitabu hicho nikiwa mtu mzima, bila mtihani wowote mbele yangu. Antonio, niliyemsifu kwa kumkopea rafiki yake dukati 3,000, kumbe alikuwa akimtemea mate Shylock na kumwita mbwa, na hata siku ya kuja kukopa anasema yu tayari kumtemea tena. Pale mahakamani Shylock anawauliza wakubwa wa Venisi kuhusu watumwa waliowanunua, wanaowatumikisha kama punda, sikuona anayemjibu. Halafu kuna ile pete aliyopewa na Leah kabla hawajaoana, ambayo Jessica, binti yake, anaiba anapotoroka nyumbani na kuibadilisha kwa tumbili. Mstari huo niliusoma shuleni na haukunigusa hata kidogo. Sasa huwa napumzika hapo kabla ya kuendelea.

Na lile jina kwenye jalada! Kwa Kiingereza mfanyabiashara anayetajwa ni mmoja. Mwalimu Nyerere, katika tafsiri yake ya 1969, aliandika Mabepari, kwa wingi. Mwaka mzima nilikibeba kitabu hicho bila kujiuliza wengine ni akina nani.

Hata hivyo siwezi kumsafisha Shylock. Kisu kilinolewa kweli, na kifua kilikuwa cha mtu. Kila ninapomhurumia Shylock namwona Antonio amefunguliwa vifungo vya shati, na kila ninapomwonea uchungu Antonio nakumbuka mate.

Nilimweleza binti yangu haya yote, kwa kirefu kuliko alivyotaka. Akafunua sehemu ya tano, wapenzi wakizungumza chini ya mwezi, akatafuta mpaka mwisho.

"Mbona Shylock hayumo tena? Alienda wapi?"

"Nadhani alirudi nyumbani kwake."

Akafikiri. Alikuwa amekwisha kusoma pale mwanzoni ambapo Shylock, akienda kula chakula cha jioni, anamkabidhi Jessica funguo za nyumba na kumwagiza afunge milango.

"Sasa nani alimfungulia?"