Alikuwaje kabla hajawa mumeo?

Chumbani kwetu hapa Doha tuko wawili, mimi wa Tanga na mwenzangu Mfilipino, wote kazi ya usafi hotelini. Usiku tukirudi kila mtu na simu yake, ila yeye mwezi mzima huu kainamia daftari anaandika. Nikamuuliza shoga, barua ya nani hiyo isiyoisha? Kumbe anaandika maisha ya mumewe tangu siku ya kwanza alivyomjua, wakili wake kule kwao ndo kamtaka aandike.

Jamani, kwao hakuna talaka. Ukitoa Vatikani, duniani wamebaki wao tu. Waislamu wa kule wanayo, wana sheria yao maalumu tangu 1977, nikamwambia basi silimu yaishe, akanirushia mto.

Wengine waliobaki wanaweza kutengana lakini huwezi kuolewa tena, au uende mahakamani ndoa ibatilishwe. Na hapo mlango unaogongwa sana ni kifungu cha 36 cha Sheria ya Familia, ile aliyosaini Rais Corazon Aquino 1987, kinasema ndoa ni batili kama siku ya kufunga mmoja wenu hakuwa na uwezo wa kisaikolojia wa kubeba wajibu wa ndoa, hata kama ilikuja kuonekana baadae. Wameitoa kwenye kanuni za Kanisa Katoliki za 1983, namba 1095, ambayo hata Wakatoliki wetu Bongo wakipeleka shauri la ndoa kwenye mahakama ya kanisa wanaweza kukutana nayo. Ila kule ni serikali yenyewe imeiweka kwenye sheria yake.

Sasa oneni mtego ulipo. Mume kakupiga, kakukimbia, ana mwanamke mwingine, peke yake havitoshi, maana hayo yametokea baada ya harusi. Unatakiwa uonyeshe kwamba mzizi wake ulikuwepo kabla hamjaoana. Kuna kesi ya mwanajeshi mmoja, mkewe alikwenda Marekani 1988 kufanya kazi ya unesi, miezi saba ndo akapiga simu akasema nitarudi, hakurudi. Yule baba nae akapata safari ya mafunzo hukohuko Marekani, akamtafuta weee hakumpata. Mwaka 1995 Mahakama ya Juu ikamwambia pole, bado ni mkeo. Miaka miwili mbele, 1997, wakaongeza masharti manane, ugonjwa uthibitishwe na wataalamu, uwe hautibiki, ikawa watu wanalipa mwanasaikolojia aandike ripoti kwamba mume ana kasoro ya utu, ukimsoma humo utadhani jini, kumbe ni mwanaume mvivu tu wa kawaida.

Mwaka 2021 mahakama ileile ikalegeza, ikasema hili ni jambo la kisheria sio ugonjwa, halihitaji daktari, wanaomjua mtu wanaweza kuja kusema alivyokuwa. Bunge nako, 2024 wawakilishi walipitisha muswada wa talaka, ukaenda kukwama Seneti.

Mi sio kwamba nasifia kwetu, kwetu mwanamke anaweza kuandikiwa talaka kwenye kikaratasi yuko jikoni anasonga ugali. Lakini angalau Sheria ya Ndoa ya 1971 mkishapita baraza la usuluhishi, mahakama inachotaka kujua ni kama ndoa imevunjika kiasi cha kutotengenezeka. Yaani inaangalia mlipo leo. Haikulazimishi urudi nyuma ukachafue mpaka siku mlizopendana.

Maana ndo kinachomkwamisha mwenzangu. Mumewe alikuwa mtu, anasema mwenyewe. Alimuuguza mama mkwe, alikuwa analeta mshahara wote. Alibadilika baadae, watoto wawili washazaliwa. Kwa hiyo daftari zima anatafuta kosa la zamani, kaandika kuna siku alimnunia wiki nzima, kaandika siku ya harusi alichelewa, halafu akakata kwa kalamu maana hata yeye alichelewa.

Juzi kanionyesha picha ya harusi kwenye simu, akaivuta mpaka ikabaki sura ya mume peke yake, eti angalia vizuri, hapa unaona nini?

Nikaangalia. Nikamwambia mi naona kijana kafurahi.

Akasema wakili nae kasema hivyohivyo.