Vidoti vya kutu kwenye gari jeupe

Vidoti vya rangi ya chungwa vilijaa kwenye boneti na paa la gari langu, na sabuni haikuvitoa. Nikavaa mfuko laini wa plastiki mkononi, nikapitisha vidole taratibu: rangi ilikwaruza kote. Utomvu wa mti hunata, maji ya chumvi huacha alama nyeupe. Hivi vilikuwa vigumu, vyenye kiini cheusi. Ni chembe za chuma: nilikuwa naegesha jirani na fundi wa mageti, na cheche za grinda hutua zikiwa za moto, zikang'ang'ania rangi, kisha zikashika kutu.

Msasa na dawa ya meno nilivikataa kabisa, vinakula rangi. Niliosha gari kivulini, bodi ikiwa imepoa, nikavaa glavu na kupuliza dawa ya kuyeyusha chembe za chuma. Ikageuka zambarau, ikachuruzika. Usiiache ikauke! Nikasuuza kwa maji mengi. Vilivyobaki nilivitoa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, nikiutelezesha kwa maji ya sabuni bila kukandamiza. Ukidondoka chini, utupe, maana mchanga utachora rangi. Kisha nikapaka nta, na siku hizi naegesha mbali na karakana ile.