Haya, mwanangu

Ami karudi Pemba kwa boti ya Ijumaa na mimi bado namsikia. Kakaa kwetu siku nne, kazungumza mengi, lakini yaliyonibaki kichwani ni maneno mawili.

Mnajua ninavyohangaika na ile Launchpad niliyoinunua Darajani mfunguo mosi, kibao cha vitufe cha kupigia muziki kwa kompyuta, ya toleo la mwanzo la 2009. Vitufe 64, nane kwa nane, na kila kimoja nimekipa kipande cha dumbaki, rika au besi kinachojirudia. Taa ndiyo inayoniambia kipi kinapiga. Nilitaka nikibonyeza kitufe kiwake kijani, kibaki hivyo mpaka nikizime mwenyewe. Kikawa kinawaka rangi ya machungwa, nikiinua kidole kinazimika, na dumbaki inaendelea kupiga gizani. Mbele ya watu mia mbili wa harusini hutajua uzime nini.

Jumanne usiku Ami alikaa nyuma yangu na kikombe chake cha kahawa. Yeye ni mpigaji wa kanuni, ile ala ya nyuzi. Alinitazama muda mrefu.

"Mbona kinakufia?"

"Kinanifia vipi, Ami?"

"Kanuni, uzi ukiuachia ndio unalia. Hichi ukikiachia kinakufa."

Na mimi, bila hata kugeuka: "Hii si kanuni, Ami. Hii ni kompyuta."

"Haya, mwanangu."

Basi. Kikombe akakiweka chini hakijesha, akaenda kulala. Mtu ambaye kanuni yake ina nyuzi 78, tatu tatu kwa kila sauti, na ndiye aliyenivisha kucha kwenye vidole vya shahada nikiwa na miaka saba. Nimeirudia ile "haya" kwa kila namna. Kuna haya ya kukubali, kuna haya ya kuchoka, kuna haya ya mtu mzima anayekusitiri. Alivyoitamka taratibu, naogopa ilikuwa hiyo ya tatu.

Wiki yenyewe ilikuwa na mambo yake: posa ya Zuhura imejibiwa, skuli wameniongezea mkataba wa mwaka, umeme ulikatika siku mbili. Mimi usiku nabadilisha waya wa USB, naangalia mipangilio ya midi, ile lugha ya namba ambayo vyombo vya muziki huzungumza na kompyuta, nabadilisha namba za rangi. Kijani kamili ni 60, nyekundu kamili ni 15, nilizijua kwa moyo. Hazikusaidia kitu.

Ijumaa baada ya Isha nilifungua Pure Data, programu ya muziki ambayo unachora visanduku na kuviunganisha kwa waya, na kabla sijagusa chochote nikasema kwa sauti: ukikiachia kinakufa. Nikaweka kisanduku cha kuchapisha namba. Kubonyeza: 127. Kuachia: 0. Nikabonyeza taratibu, nikabonyeza kwa nguvu, ni 127 ile ile, kwa sababu vitufe vya toleo hili havipimi nguvu ya kidole. Na mimi nilikuwa nimechora waya moja kwa moja kutoka kisanduku cha kupokea noti hadi cha kutuma noti. Kile nilichokuwa nakipokea ndicho nilichokuwa nakirudisha. Kwa chombo hiki 127 maana yake nyekundu na kijani zote mbili zimefunguliwa mpaka mwisho, ndiyo yale machungwa. Na sifuri ya kuachia ndiyo iliyokuwa inaua taa.

Ami alikuwa ameshaniambia. Alisema kosa lipo kwenye kuachia, Jumanne ile ile.

Nikaweka kisanduku cha stripnote, kinachozuia sifuri za kuachia zisipite. Nikaweka swichi kwa kila kitufe: mguso wa kwanza utume 60, wa pili utume 12, yaani zima. Hapo likazuka jingine, kila kitufe kinawaka kwa rangi ya kile kilichotangulia. Hili nililijua. Kisanduku cha noteout hutuma pale tu namba ya kitufe inapoingia mlango wa kushoto, kwa hiyo rangi lazima iwe imeshafika mlango wa kati. Ukiweka trigger, kisanduku cha kupanga kipi kitangulie, kinatoa kulia kwanza kisha kushoto, kama tulivyofundishwa kusoma chuo cha Kurani. Imenifurahisha sana hiyo, sijui kwa nini.

Saa sita usiku nikabonyeza kitufe cha pembeni juu, nikainua kidole. Kikabaki kijani. Nikabonyeza safu nzima, vyote vinane vikabaki, chumba chote kikawa kijani, nikakaa navyo bila kupiga muziki wowote.

Nimempigia Ami asubuhi, simu haipatikani, atakuwa shamba. Sitaki kumwandikia. Nataka nimwombe radhi kwa mdomo, halafu nimwambie taa haizimiki tena nikiachia, na nimsikie anasemaje.

Na boriti ya chumba cha bibi imeanza kumwaga unga tena. Asubuhi nimefagia kiganja kizima juu ya shuka yake. Fundi anasema tusubiri, lakini masika yanaingia, na bibi hataki kuhamishwa chumba.