Ghorofa linasimama kwa miguu, sio kwa rangi

Jumamosi mpwa wangu anayesomea uinjinia aliniomba nimsindikize hapa mjini Fort Portal, magharibi mwa Uganda, ana fomu zake anataka kukagua majengo kama yatahimili tetemeko, mi nikadhani ni kazi ya nusu saa, tumerudi jioni miguu imevimba. Watu wakiona karatasi na kalamu wanajua ni wa kodi tu. Mwenye duka mmoja alishusha shata kabisa akapotelea mlango wa nyuma.

Kazi yenyewe ni hivi. Mnasimama ng'ambo ya barabara mnalitazama jengo dakika 15 mpaka 30. Jengo linaanza na maksi zake kulingana na limejengwa kwa kitu gani, halafu unakata kwa kila kasoro, na zikibaki chini ya 2 injinia lazima aje alikague kwa undani. Wametunga Wamarekani hiyo. Maksi 2 maana yake, likija tetemeko kubwa kabisa la kutarajiwa pale, kuna nafasi kama moja kwa mia jengo lianguke, na maksi 1 ni moja kwa kumi. Nikamuuliza, sasa maksi za Marekani na matofali yetu ya kuchoma wapi na wapi? Akasema, "Mjomba, hii ni kupanga foleni tu, nani aonwe na daktari kwanza."

Sasa kilichonishtua. Mi siku zote nilikuwa naogopa majengo marefu, kumbe la kuangalia kwanza ni huku chini. Angalia maghorofa yetu ya barabarani: juu ni vyumba, kuta za matofali kila upande, chini ni maduka, mbele wazi kabisa, shata tupu na vinguzo. Ardhi ikicheza kule juu kumekaza kama boksi linakwenda pamoja, mtikisiko wote unaishia kwenye nguzo za chini ambazo hazina ukuta wa kuzisaidia, zikivunjika basi ghorofa zima linakaa chini kama ngamia. Na tulikuta jengo moja, mpangaji anatuonyesha kwa furaha alivyobomoa ukuta wa katikati apate duka kubwa, landilodi amekubali, kodi imepanda, kila mtu anacheka. Mpwa wangu hakucheka, aliandika tu.

Tatizo ni vile plasta inaficha. Hizo ringi zinazofunga nondo ndani ya nguzo zinatakiwa zikaribiane, hasa pale nguzo inapokutana na boriti, na ncha zake zikunjwe ziingie ndani ya zege, lakini fundi akiambiwa abane matumizi anaziachanisha na ncha anazikunja kidogo tu, halafu ukipaka rangi nani atajua? Uganda tuna kanuni ya kujenga kwa kuzingatia matetemeko tangu 2003. Ipo. Haina kosa kanuni.

Na sisi wa huku magharibi tusijifanye wageni. Tuko kwenye bonde la ufa, Rwenzori ile pale. Tetemeko la Machi 1966 liliua watu zaidi ya 100 upande wa Bundibugyo na ng'ambo Kongo. La Februari 1994 lilipiga huku kwetu Kisomoro, ukubwa wa 6 na kidogo, ilikuwa usiku, nakumbuka baba (mwanajeshi, haogopi kitu) ametutoa nje na mablanketi huku yeye mwenyewe miguu mitupu. Watoto wanaozaliwa siku kama hizo wanaitwa Musisi, yaani Tetemeko, basi jina tumelizoea mpaka tumesahau ni la nini. Kampala nao wasilale, lile la Kagera la Septemba 2016 lilikuwa 5.9 tu, Tanzania huko, na walilisikia. Wengine wamejenga kwenye matope ya mabonde, Bwaise na kwingineko, na udongo laini unaukuza mtikisiko.

Wakati tunarudi nikamwambia haya tukague na kwa mama. Nyumba ya matofali ya kuchoma, imeunganishwa kwa udongo, hakuna mkanda wa zege juu ya madirisha, pembe ya jikoni ina ufa unaingiza kidole. Mama anataka kuongeza ghorofa juu yake apangishe wanafunzi. Mpwa alijaza fomu kimya kimya akanipa, sikuhitaji kusoma.

Mama akauliza, "Imepata ngapi?" Nikamwambia imefeli. Akasema basi irudie mtihani, chai inapoa.

Fundi anakuja Jumatatu, ghorofa tumeliahirisha kwanza, anaanza na ile pembe ya jikoni halafu tuongee habari ya mkanda. Mama bado hajaniongelesha.