Jinsi tulivyopata usingizi ndani ya mfuko mmoja wa kulalia

Ilikuwa saa nane usiku nilipoamka mabega yangu yamepoa kama yamemwagiwa maji. Miguu ilikuwa na joto, tumbo lilikuwa na joto, ila kuanzia kifuani kwenda juu nilikuwa kama nimelala nje ya hema. Mume wangu alikuwa ubavuni mwangu, amenipa mgongo. Nikapapasa gizani kati yetu, nikakuta tundu pale shingoni, la kupitisha ngumi bila shida. Yeye ana mabega mapana, mimi membamba. Kitambaa cha juu kilikuwa kimetandwa kutoka begani kwake hadi begani kwangu, na katikati kikaning'inia hewani. Kila alipojigeuza, mfuko mzima ulivuta na kupuliza kama mvukuto wa mhunzi, joto letu likatoka na baridi ikaingia.

"Hujalala?" akaniuliza.

"Sijalala, mume wangu. Mabega yananiuma kwa baridi."

Akavua sweta lake akanipa. Nikalikunja na kulisokomeza kwenye lile tundu, kisha nikavuta ukingo wa mfuko hadi kidevuni. Haikuchukua muda nikapitiwa na usingizi.

Sweta hilo ndilo lililonifanya nianze kuuelewa mfuko wa watu wawili. Kabla ya hapo nilikuwa na hesabu nyepesi tu kichwani: mtu aliyelala hutoa joto la kiasi cha wati 70 au 80, kwa hiyo wawili tukiingia pamoja joto litakuwa maradufu. Hesabu hiyo si ya uongo, ila nilisahau upande wa pili wake. Mfuko wa kulalia hauna joto lake wenyewe, kazi yake ni kutunza lile unaloingia nalo. Mfuko wa watu wawili una hewa nyingi zaidi ya kupasha, na mdomo wake ni mpana kuliko wa mfuko wa mtu mmoja uliobana kichwani na kamba. Mkiacha mdomo huo wazi, wati zenu zote mbili mnazipeleka kwenye paa la hema.

Tulikuwa tumeununua mfuko wetu kwa kuangalia namba moja tu kwenye lebo, ile kubwa kuliko zote. Hapo ndipo tulipokosea kwanza, na ningependa mtu mwingine asirudie kosa hilo. Mifuko mingi hupimwa kwa kanuni ya kimataifa ya ISO 23537, iliyochukua nafasi ya ile ya Ulaya ya EN 13537. Hulazwa sanamu yenye ukubwa wa mtu, inayopashwa joto kwa umeme, ndani ya mfuko kwenye chumba baridi, kisha hupimwa joto linalopotea. Kutokana na hapo hupatikana namba kadhaa. Ya starehe ni baridi ambayo mwanamke wa kawaida ataweza kulala ndani yake akiwa amejinyoosha bila kuhangaika. Ya kikomo ni ile ambayo mwanamume wa kawaida ataivumilia akiwa amejikunja. Halafu kuna ile ya hatari, ambayo maana yake ni kunusurika tu, usingizi haumo kabisa. Lebo yetu ilitaja kwa herufi kubwa namba ya kikomo. Mimi ni mwepesi wa kusikia baridi, kwa hiyo namba yangu ni ile ya starehe, na hiyo ilikuwa imeandikwa chini kwa herufi ndogo.

Tena sanamu hiyo hulala peke yake. Haina mwenza wa kuvutana naye kitambaa, wala hajigeuzi mtu pembeni yake akafungua tundu shingoni. Ndiyo maana namba ya mfuko wa watu wawili mimi huichukua kama makisio, kisha naongeza akiba: nikitarajia usiku wa nyuzi 8 za sentigredi, nataka mfuko ambao starehe yake ni nyuzi 3 au chini. Kwenye miinuko naongeza zaidi, maana kwa kawaida hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 na nusu kila unapopanda mita 1,000. Bondeni nako kuna mtego wake. Usiku mtulivu usio na mawingu, hewa baridi huteremka na kutuama chini, na mara nyingi ukisogeza hema mwendo mfupi tu kupanda mteremko, utalala na joto kuliko aliyebaki kando ya kijito.

Baada ya kuziba shingo nilidhani tumemaliza kazi. Safari ya pili nikaamka tena, safari hii nyonga ndiyo imepoa. Nikaingiza kiganja chini ya nyonga, kati ya mfuko na godoro, na pale pakawa baridi kama sakafu ya saruji. Nikakihamishia kiganja juu ya tumbo: joto zuri kabisa. Tofauti ya sentimita chache tu! Nilikaa macho nikiwaza, mpaka nikaelewa kwamba vitambaa na nyuzi zilizo chini yangu nimezilalia, zimebanwa na uzito wangu, na kilichobanwa hakina hewa ya kushika joto. Upande wa chini, kinachokukinga ni godoro. Letu lilikuwa la kujaza hewa, refu na laini, lakini ndani tupu. Hewa ndani ya godoro la namna hiyo huzunguka, ikichukua joto la mwili na kulishusha ardhini usiku kucha.

Magodoro ya kambi nayo yana kipimo chake, kiitwacho thamani ya R, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo godoro linavyozuia joto kupotea. Kwa usiku usio na baridi, thamani ya R ya 1 au 2 inatosha. Kwa baridi ya kawaida mimi sitaki chini ya 4. Jambo lililotuokoa ni kwamba thamani hizi hujumlishwa: ukitandika godoro jembamba la povu lenye 2 chini ya la hewa lenye 2, umepata 4. Hatukulazimika kununua magodoro mapya. Tuliongeza mikeka miwili ya povu chini, na nyonga yangu haikupoa tena. Kama una fedha za kutengeneza kitu kimoja tu mwaka huu, tengeneza chini kwanza. Nimewaona watu wakibadilisha mfuko mara mbili huku tatizo lao liko mgongoni.

Lakini magodoro mawili ni mawili. Usiku huachana polepole, na mwenye bahati mbaya huamka amelala kwenye ufa, bega moja juu ya godoro, jingine juu ya ardhi. Tulijaribu kuyafunga kwa kamba, moja kichwani na moja miguuni. Katikati yakatanuka kama mdomo. Kilichofanya kazi ni shuka: nilishona shuka nene pande tatu likawa kama foronya kubwa, magodoro yote mawili nikayaingiza humo, yakakaa kama kitu kimoja. Kitambaa cha pamba pia hakitelezi, kwa hiyo mfuko haukimbii juu yake hata hema likiwa kwenye mteremko kidogo. Shuka hilo hukunjwa pamoja na mfuko kila tunapoondoka, na kati ya vitu vyote vya kambi yetu ndicho ninachokipenda zaidi.

Hema nalo tulilisahau kwenye hesabu. Mfuko wetu una upana wa sentimita 150, na hema letu la watu wawili lilikuwa na sakafu ya sentimita 130. Mfuko ukapanda ukutani pande zote mbili. Alfajiri ukuta wa ndani ulikuwa umejaa matone, maana pumzi za watu wawili zina maji mengi, na matone hayo yakanywewa na mfuko. Upande wangu ulilowa kuanzia kiwiko hadi goti. Kwa hiyo kabla ya kununua, pima sakafu ya hema, na pima magodoro pia: mawili ya sentimita 51 ni sentimita 102, mawili mapana ya sentimita 64 ni 128, na hayo ya pili yanajaza hema dogo pasibaki pa kuweka hata viatu. Sisi tulihamia hema la watu watatu. Tena huwa tunaacha matundu ya juu wazi hata kukiwa na baridi, na hatulali tumefunika pua ndani ya mfuko, hata ukitamani kiasi gani. Unyevu ukishaingia ndani, usiku wa pili utaulipia.

Hilo la unyevu ndilo lililoamua tuchague mfuko uliojazwa nini ndani. Manyoya laini ya bata ni mepesi, hujibana yakawa kifurushi kidogo, na kwa uzito uleule hushika joto kuliko nyuzi za poliesta. Yakilowa hushikamana na kupoteza hewa yake, na kuyakausha kambini ni kazi ya siku nzima ya jua. Mfuko wa watu wawili hupokea jasho la watu wawili. Sisi husafiri kwa gari, uzito si adui yetu, tukachagua poliesta. Ingekuwa tunabeba mgongoni, nisingechagua mfuko mkubwa kabisa: mingi ina uzito wa kilo mbili na zaidi, na yote hiyo itaishia kwenye mgongo wa mmoja wenu. Wabebaji wafanye vingine, wachukue mifuko miwili inayoungana kwa zipu. Kila mmoja atabeba wake, na mmoja wao akiugua au akisafiri peke yake bado ana pa kulala.

Ila kwa kuunganisha kuna sharti. Zipu lazima ziwe za aina moja, ukubwa mmoja na urefu unaokaribiana, na mmoja uwe na zipu kushoto, mwingine kulia. Mifuko iliyobana kichwani yenye zipu upande uleule inaweza kuungana pia, lakini itabidi mmoja ugeuzwe, na kofia yake itakuja usoni badala ya kisogoni. Jaribuni nyumbani, sakafuni, mkiwa ndani wote wawili.

Lililobaki lilikuwa letu wenyewe. Mume wangu ana joto la tanuri. Nikishaanza kustarehe mimi, yeye ameanza kutoa jasho, na mtu akilala na jasho ataamka na baridi. Bahati nzuri mfuko wetu una zipu pande zote mbili, na sitanunua mwingine usio hivyo. Yeye hufungua upande wake hadi kiunoni, anatoa mkono na mguu nje, mimi upande wangu umefungwa hadi juu. Mimi pia huvaa soksi kavu ambazo sijatembea nazo mchana, kofia ya sufu, na kuingia ndani ya shuka jembamba lililoshonwa kama mfuko. Tukitarajia baridi kali najaza maji ya moto kwenye chupa isiyovuja, naifunga kwa kitambaa na kuitanguliza miguuni dakika ishirini kabla ya kulala. Zipu mbili zina faida nyingine: anayeamka kwenda haja hatoki kwa kumpanda mwenzake. Nenda haja kabla ya kulala hata kama hujabanwa sana, ili usije ukalazimika kuufungua mfuko usiku wa manane.

Kwenye tundu la shingo siku hizi halikai sweta. Nilichukua shali ya sufu, nikaiviringisha ikawa nene kama mkono, nikaifunga kwa uzi sehemu tatu. Hulala kati ya shingo zetu, na ukingo wa mfuko hutulia juu yake pasipo mwanya. Mume wangu mwanzoni alisema inamkwaruza kidevu, nikaivisha kitambaa cha pamba.

Tukifika nyumbani mfuko hautiwi tena kwenye kijifuko chake. Huanikwa siku nzima, kisha hukaa kabatini ndani ya foronya kubwa, umelegea, maana ujazo unaobanwa kwa miezi hausimami tena. Kambini pia hutoka kwenye kijifuko mara tu hema likishasimama, ukapata muda wa kuvimba.

Safari ya mwisho kipimajoto kilichoning'inia ndani ya hema kilisoma nyuzi 4 alfajiri. Nilikiona kwa sababu kulikuwa kumeshapambazuka nilipofumbua macho. Mume wangu alikuwa nje, upande wake wa zipu ameufunga vizuri ili nisipate baridi, na shali ameivuta ikanizunguka shingo yote.

"Umelala mpaka sasa?" akauliza aliposikia nikijinyoosha.

"Nifungie mlango wa hema," nikamwambia, "bado sijamaliza."

Nikageuka upande wake, ambao ulikuwa bado na joto.